Local Host Cache ya Citrix: databesi ikifa, dalali ana nakala ya daftari?

Hii riviu nimeiahidi tangu mfungo, kila nikikaa niandike ama stima inapotea ama bosi anaita, leo nimepata mwanya basi ntaitoa yote kwa mpigo. Ni kuhusu Local Host Cache, ile kitu iko ndani ya Citrix Virtual Apps, wale wa kitambo mnaijua kwa jina la XenApp, na kazi yake ni moja tu: databesi ya Citrix ikizimika, watu waendelee kuingia kwenye programu zao. Mimi si muuzaji, sina komisheni ya mtu, ni jamaa wa IT kwenye ofisi ya kliaringi hapa Mombasa mjini na tawi dogo Changamwe. Tuko watu kama 60, kila mtu ana kile kikompyuta kidogo kisicho na kitu ndani, programu zote zinakimbia kwenye seva na kinachosafiri ni picha ya skrini tu.

Tulihamia huko kwa sababu mbili. Moja, hewa ya chumvi, wallahi kompyuta za mezani zilikua zinaoza madabodi kama mabati ya nyumba ya ufuoni. Mbili, Changamwe walikua wanafungua faili za mizigo kupitia laini mpaka databesi ya mjini, unabonyeza unaenda kununua viazi karai unarudi bado inazunguka. Sahizi programu na databesi ziko reki moja, Changamwe wanaona skrini tu, kazi inaenda.

Lakini ukiweka mayai yote kapu moja lazma ujue kapu limeshikwa na nani. Na hapa ndo watu wanachanganya, maana ukisema databesi kila mtu anafikiria ile yenye faili za wateja. Hapana. Citrix yenyewe ina databesi yake.

Iko hivi. Citrix ina seva inaitwa Delivery Controller na ndani yake kuna broka. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa broka ni nani, ni dalali. Unataka nyumba Kisauni, humjui mwenyewe, unamwendea dalali, yeye ana daftari lake: hii iko wazi, hii ina mtu, huyu mteja keshalipa. Anakupeleka mpaka mlangoni, ukishapata ufunguo dalali akipotea si shida yako tena. Citrix ni vivo hivyo, ukibonyeza ikoni, StoreFront (ule ukurasa wenye ikoni zako) inamuuliza broka, broka anafungua daftari lake ambalo liko kwenye SQL Server (databesi ya Microsoft), anaangalia unaruhusiwa nini, seva gani haijalemewa, kama kuna sesheni uliiacha wazi, anakuelekeza, na kuanzia hapo kikompyuta chako kinaongea moja kwa moja na seva ya programu. Ndo maana daftari likipotea saa 5 asubuhi walo ndani wanaendelea kupiga kazi hata hawajui kuna msiba. Wanaoumia ni wanaobisha hodi.

Kwa hivyo mtu akikwambia databesi ya Citrix ikianguka programu zinakua slo, mwambie la, mlango ndo unafungwa. Uslo unatoka kwengine na ntafika huko, nyinyi tulieni.

Sasa kisa. Jumatatu moja, miaka miwili na kitu nyuma, stima ikapotea saa 2 kasorobo asubuhi. Jenereta ya jengo inachukua kama nusu dakika kuwaka, hiyo nusu dakika ni ya UPS. Seva zote zilisimama imara isipokua ile ya SQL, ambayo ilikua na UPS yake peke yake, kuukuu, betri imekufa kimya kimya hakuna alojua. Ikazimika ghafla, ikarudi na diski mbovu juu ya ile ingine ambayo ilishakufa zamani na taa nyekundu inawaka na mimi nikiiona kila siku nikisema kesho. Haya, nimesema.

Watu 9 walikua washaingia mapema. Hao walikua peponi. Wengine 50 wakafika wakakuta ikoni hazifunguki, "mtambo umekufa", simu yangu ikawaka moto. Mmoja wa walokua ndani ni mzee wetu wa deklaresheni, na huyu mzee ana akili, aligundua kabla yangu kwamba ukitoka hurudi. Basi hakutoka. Hakwenda chai, hakuinuka, kila dakika mbili anasogeza mausi skrini isilale, na foleni ikajipanga kwenye meza yake kama ya feri ya Likoni saa 11 jioni, kila mtu na makaratasi yake, "ami niingizie na hii moja tu". Maana kontena pale Kilindini haisubiri databesi yako, siku za bure zikiisha stoleji inaanza kuhesabu na mteja hataki kusikia habari za diski. Mzee alifanya kazi ya watu 6 mpaka saa 8 mchana nilipomaliza kurudisha bekapu. Tulimnunulia biriani, na bado ananikumbusha.

Jioni ile nikakaa na seva nikauliza kwa PowerShell (dirisha la amri la Windows), Get-BrokerSite, nikaona LocalHostCacheEnabled: False. Hilo neno moja la mwisho lilinikondesha. Yani dawa ilikua ndani ya nyumba, tushailipia kwenye laiseni, imezimwa. Jamaa alotufungia, simtaji, alitupandisha kutoka toleo la zamani na hakuigusa hiyo swichi. Kuiwasha ni amri moja ya mstari mmoja.

Historia fupi kwa wasojua. Enzi za XenApp 6.5 kila seva ilikua inabeba kopi yake ya mipangilio, databesi kuu ikifa watu walikua hawastuki. Wakaja kubadilisha mfumo wote kwenye toleo la 7, mwaka 2013, na hiyo raha ikapotea, broka akawa hana lake bila SQL. 2014 kwenye 7.6 wakaleta Connection Leasing, ambayo ilikua inakumbuka vile ulivyovifungua wiki mbili zilopita tu, kama hujaifungua programu fulani ndani ya muda huo basi siku ya msiba huna. Halafu Desemba 2016, toleo la 7.12, wakairudisha Local Host Cache jina lilelile lakini utumbo mpya. Na hii mpya ndo naisifia.

Utumbo wenyewe: kila Delivery Controller inawekewa SQL ndogo ya ndani, LocalDB, na broka wa pili ambaye siku za amani kakaa tu. Kila baada ya muda mfupi kuna kisevisi kinachungulia daftari kuu, likiwa limebadilika kinanakili upya. Daftari kuu likikatika, broka mkubwa ananyamaza, yule wa pili anasimama, na seva zote za programu zinajisajili kwake upya. Kama una controller zaidi ya moja kwenye zoni, mmoja tu ndo anachaguliwa kubeba mzigo wote, na uchaguzi wake hauna kampeni, wanaangalia majina kwa alfabeti.

Hapo kwa alfabeti ndo niliaibika. Controller zetu mbili niliziita kwa mitaa, nyali na changamwe. Nikawasha Local Host Cache, nikangoja Jumamosi mchana ofisi tupu, nikalazimisha msiba wa uongo. Kuna swichi kwenye rejista ya Windows inaitwa OutageModeForced, unaiweka 1 inajifanya databesi haipo, huhitaji kuua kitu. Nikajaribu kuingia. Wapi! Ikoni hazifunguki. Nikasema hii kitu haina maana. Nikahangaika masaa mawili ndo nikaona: C iko mbele ya N, kwa hivyo changamwe ndo alochaguliwa, na StoreFront yetu ilikua imeandikiwa nyali peke yake. Dalali mwenye nakala ya daftari amekaa ofisini na hakuna anayejua namba yake! Ukiwa na controller 2 ziandike zote 2 kwenye StoreFront, ziko 5 andika 5. Baada ya hapo ikafunguka safi nikaenda zangu kunywa madafu.

Jaribio ni jaribio lakini. Mtihani wa kweli ulikuja miezi kadhaa mbele na nilijitengenezea mwenyewe, nilibadilisha pasiwadi ya akaunti inayoendesha sevisi ya SQL nikasahau kuiandika kwenye sevisi yenyewe, inaendelea kukimbia vizuri tu mpaka usiku seva ilipoributi, SQL ikakataa kuamka. Asubuhi nafika nakuta kwenye logi tukio namba 3502, maana yake broka wa pili keshachukua usukani. Na ofisini? Kimya. Watu wanaingia. Mama wa akaunti kaniuliza tu mbona leo ilichelewa kidogo kufungua mpaka kamaliza hamri lake. Mashaallah.

Nikaamua nisikimbilie kuirudisha, niangalie kwanza inavyojimudu, na hapa ndo riviu yenyewe.

Kuingia kulikua kuzito kwenye ile saa ya msongamano, saa 2 hadi 2 na nusu, kila mtu anabisha mara moja na controller ni moja tu inajibu. Nikaangalia seva nikakuta SQL ndogo inakamua kori moja ya prosesa mpaka mwisho na kori zingine 3 zimelala. Sababu ni kwamba hii SQL ya bure ina mpaka wake, inatumia soketi moja (tundu moja la prosesa) au kori 4, kile kidogo kati ya hivyo, na mimi mashine yangu pepe (virtual) nilikua nimeipa soketi 4 za kori moja moja. Kwa hesabu ya Windows ziko 4, kwa hesabu ya LocalDB iko 1. Nilibadilisha baadae nikaweka soketi 1 ya kori 4, nikalazimisha tena msiba wa uongo siku ya kazi (bosi asisome hapa), na kuingia kukawa karibu na kawaida. Na memori muiongeze, SQL hiyo inaweza kula kama GB 1.2 kwa jumla, juu ya zile broka anazohitaji. Controller nyingi nazoona mjini zimepewa memori ya kubania, siku za kawaida zinatosha, siku ya msiba zinakohoa.

Kuna zile dakika za mpito pia. Kati ya databesi kukatika na broka wa pili kukaa sawa kuna dakika kadhaa ambazo anayebisha hafunguliwi, maana seva zinajisajili upya. Na ukirudisha databesi zinahama tena kurudi kwa broka mkubwa, mtikisiko mdogo wa pili. Kwa hivyo msiwe na haraka ya kishujaa ya kurudisha SQL saa 2 asubuhi, watu wanaingia, waache waingie, rudisha saa ya chakula.

Lile ambalo hutaweza kabisa ni kubadilisha chochote. Studio (dirisha la kupangia Citrix) haifungui, yani huwezi kumpa mtu mpya programu. Siku ile ile tulikua na kijana wa atachimenti anaanza kazi, kavaa tai, nikamkalisha asubuhi nzima anapanga mafaili ya karatasi kwa sababu jina lake halimo kwenye nakala na hakuna pa kuliandika. Director, ile ya kufuatilia sesheni na ripoti, nayo haina habari mpya, ripoti za muda ule zinabaki na shimo. Na walo na desktopu za pamoja zile zinazofutwa kila mtu akitoka, zinazowashwa na kuzimwa na Citrix yenyewe, msome vizuri kabla hamjaringa, maana kwa kawaida hizo hazipatikani wakati wa msiba, broka wa pili hana mamlaka ya kuwasha mashine. Sisi tunatumia programu kwenye seva za pamoja kwa hivyo hilo halikutugusa.

Sasa uslo. Nilisema ntafika.

Kuna siku ingine databesi ya Citrix ilikua nzima, kila taa kijani, na bado ofisi yote inalia mtambo slo. Ilokua imekufa ni ile databesi ya programu yetu ya mafaili ya mizigo, iko seva nyengine kabisa. Local Host Cache hapa haina habari na haihusiki, dalali kafanya kazi yake, kakufikisha nyumbani, sasa bomba halina maji. Lakini tazama kilichotokea, maana hiki ndo kilinifunza zaidi ya vyote. Programu ikifunguliwa inatafuta databesi yake, inangoja sekunde 15 kuunganika, haipati, inajaribu tena, skrini imeganda nyeupe. Binadamu wa Mombasa haoni skrini nyeupe akangoja. Anaifunga kwa nguvu, anabonyeza tena. Na tena. Kile alichokifunga hakijafa, kiko kule kwenye seva kinangoja databesi, kimeshika memori yake vizuri. Ndani ya nusu saa nina watu 60 na programu karibu 200 zilokwama.

Na Citrix inaona nini? Programu inayongoja haili CPU, imekaa tu. Kwa mipangilio ya kawaida mzigo wa seva unahesabiwa kwa idadi ya sesheni, kikomo ni 250 kwa seva, sisi hatukufika hata robo. Kwa hivyo kwa macho ya broka seva ziko wazi, anaendelea kuleta wateja, huku memori imejaa na Windows inaanza kuandika kwenye diski, na hapo hata mama wa akaunti ambaye programu yake haihusiani kabisa na ile databesi ilokufa, iko tu kwenye seva zile zile, anaandika herufi moja inatokea baada ya sekunde 3. Yeye hajui mambo ya databesi mbili. Yeye anajua Citrix ni mbovu, na alimwambia bosi hivyo, kwa sauti.

Nilichofanya baada ya hapo: programu ya mafaili nimeiwekea kikomo cha moja kwa kila mtu, ukibonyeza tena haifungui ya pili, iko kwenye mipangilio ya programu na ni tiki moja tu. Nikaongeza memori kwenye hesabu ya mzigo, isiwe sesheni peke yake. Na akaunti nikaitoa kwenye seva za mafaili nikaipa zake mbili, wake wenza wasikae chumba kimoja. Tangu hapo ile databesi ikipiga chafya (na inapiga) wanaoganda ni wa mafaili peke yao.

Kwa wenye mfumo wa Microsoft wa RDS peke yake (nao unakimbiza programu kwenye seva), mambo ni magumu kidogo, ukitaka Connection Broker, dalali wao, zaidi ya moja lazma uwape SQL moja ya pamoja, na hiyo SQL ikizimika walo ndani wanabaki na wapya wanakwama, kile kile kisa cha mzee wa deklaresheni. Hapo hela zako peleka kwenye kuifanya SQL yenyewe isife. Na hata wa Citrix, msichukue Local Host Cache kama ruhusa ya kuwa na SQL ya kimaskini kama yangu ilivyokua. App-V ya Microsoft ni hadithi nyengine, programu ishashuka kwenye mashine yako inakimbia hapo hapo, databesi ya usimamizi ikilala hutajua mpaka siku unataka kusambaza toleo jipya.

Bei nisizungumze sana, laiseni inalipwa kwa dola na shilingi yetu mnaijua tabia zake. Kwa ofisi ya watu 10 mimi singeweka Citrix hata kidogo, ni kununua lori kubebea kikapu cha embe. Kwa watu 60 na tawi, naona inalipa.

Kwa Local Host Cache natoa nyota 4 kati ya 5. Nyota moja naikata kwa ule uchaguzi wa alfabeti na mambo ya soketi, si kwamba hayakuandikwa, yameandikwa kwenye maelezo yao, ila hakuna kitu kinachokupigia kelele kwamba umekosea mpaka siku ya kilio. Ukitaka kujua kama nakala yako inachukuliwa angalia logi, tukio 504 ni kwamba imenakiliwa sawa, 505 imeshindwa, ukiona 505 zimejipanga acha unachofanya.

Ile betri ya UPS nshaiagiza. Invoisi iko mezani kwa mama wa akaunti tangu Ijumaa, anasema programu ikiacha kumchelewesha ataisaini.